Kabla Hujalipia Darasa la Kuandika, Uliza Karatasi Zako Zitalala Wapi



Wiki iliyopita bi harusi mmoja alikuja dukani kujaribu gauni, akaona daftari juu ya meza ya kukatia. Akauliza kama ni la vipimo. Tukamwambia hapana, hilo ni la darasa letu la kuandika. Akacheka, kisha akatuinamia na kunong'ona kwamba na yeye anaandika, usiku, kwenye simu, na ameona tangazo la kambi ya waandishi ya siku tatu hotelini. Aende au asiende? Tulikuwa na pini midomoni wakati huo, tukamwambia jibu lake ni refu, atalisoma hapa. Basi ndilo hili.

Sisi ni mtu na mdogo wake, sote tumo kwenye thelathini na kitu. Tulimaliza kidato cha nne, tukafanya kozi ya ushoni, na duka tunalo pamoja. Tunaposema "sisi" humu ni sisi wawili. Na penye "mmoja wetu" msituulize yupi. Wanaotujua wanajua, na asiyejua hakupungukiwa na kitu.

Marehemu mama yetu alikuwa somo. Kwa wadogo zetu mliokulia mbali: somo ndiye anayekaa na mwari chumbani kabla ya harusi, akampiga singo, akamfukiza udi, akamfunza mambo ya nyumba na ya mume. Alifanya kazi hiyo tangu sisi hatujaingia skuli, na hakuwahi kuandika hata mstari mmoja. Alipofariki tulifungua sanduku lake tukitafuta hatujui nini. Tukakuta chupa za mafuta, chetezo kilichovunjika mguu, na doti tatu za kanga mpya hazijakatwa. Maneno yake yote yalikuwa vichwani mwa watu, na watu nao wanakufa.

Tukasema tutaandika sisi. Jioni moja baada ya Isha tulikaa na daftari, na baada ya saa nzima tulikuwa na haya: mama alikuwa mpole, alikuwa na busara, alipenda watu. Tukatazamana. Hayo unaweza kuyaandika kwa mama wa mtu yeyote. Insha ya mwisho tuliyoandika ilikuwa ya mtihani wa kidato cha nne, na ilionekana.

Ndipo likaja tangazo la kambi. Siku tatu, pwani ya mashariki, "kutafuta sauti yako". Dola mia mbili kwa kichwa. Tulilipa bila kuuliza swali hata moja. Sisi! Sisi ambao kitambaa cha elfu nane tunakinyanyua kwenye mwanga, tunakivuta, tunakilowesha ncha tuone kama kinachuja rangi, kisha tunaomba tupunguziwe. Neno "uandishi" lilitufanya tuone haya kuuliza, kana kwamba maswali ya sokoni hayaingii mlango huo.

Tuwe waadilifu, kambi ile ilikuwa na mema yake. Tulifundishwa kuandika dakika kumi bila kunyanyua kalamu, hata kama unachoandika ni "sijui niandike nini", na zoezi hilo tunalo hadi leo. Lakini darasa lilikuwa kwa Kiingereza, na mtu wa kutafsiri alichoka siku ya kwanza. Tulikuwa watu kama kumi na tano, wanaume wanne, na ratiba haikuwa na nafasi ya Adhuhuri. Tulikuwa tunatoka kimya kimya kwenda kuswali, tukirudi wameshaanza zoezi jengine.

Usiku wa pili tukawekwa duara karibu na bahari. Tukaambiwa tuandike lile ambalo hatujawahi kumwambia mtu, halafu tulisome kwa sauti. Mmoja wetu aliandika ndoa yake ya kwanza. Ilidumu miezi saba. Aliandika jina la yule bwana, alichomwambia, alichomfanyia, na alichosema mama mkwe siku mimba ilipotoka. Alisoma huku analia. Watu wakamkumbatia, wakampigia makofi. Na tuseme kweli, usiku ule alilala vizuri kuliko miaka yote.

Wiki mbili baadaye waandaaji wakatoa klipu ya dakika moja kutangaza kambi ijayo. Ndani yake, yeye, analia, na jina la bwana yule linasikika. Hatukuulizwa. Au tuliulizwa: ilikuwemo kwenye fomu tuliyotia saini mlangoni, mstari mdogo wa chini. Tuliomba waifute wakaifuta siku hiyo hiyo, lakini mashoga, kisiwa hiki mnakijua. Ilikuwa imeshaingia kwenye magrupu ya harusi, na kutoka huko Pemba, na kutoka Pemba Maskati.

Aliyekuja dukani alikuwa mama wa yule bwana. Tulidhani amekuja kutukana, tukafunga mlango wa kati ili wateja wasisikie. Hakutukana. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akapangusa uso kwa ncha ya mtandio, akasema: "Mwanangu sasa ana mke na watoto wawili. Hao watoto wamekukosea nini, mwanangu?"

Hatukuwa na jibu. Hadi leo hatunalo kamili.

Maana alichosoma mmoja wetu kilikuwa kweli tupu, na hapo ndipo penye uzito. Tulifunzwa madrasa tukiwa wadogo kwamba ghiba ni kusema la kweli ambalo mwenyewe hapendi lisemwe, na likiwa la uongo hilo lina jina jengine, baya zaidi. Tulikuwa tunajua. Ila pale kwenye duara, na bahari inapiga, na watu wanakuambia wewe ni jasiri, ilimu ya madrasa inakuwa mbali sana. Mabibi harusi wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao bila kueleza sababu. Baba hakusema neno. Alikula chumbani kwake, na kwake yeye hiyo ni hotuba. Mmoja wetu hakukaa kwenye cherehani siku tisa, na oda za watu mwengine akazishona peke yake hadi usiku wa manane. Siku ya kumi tulivaa mabaibui tukaenda kwa yule mama kuomba radhi. Alitupokea, akatupa maji. Hatukukaa sana.

Baada ya hapo tulijaribu darasa la simu, la wiki nne, unalipa kwa simu na masomo yanakuja kwa sauti. Hilo halina hadithi ndefu. Kila tulichotuma kilijibiwa "nzuri sana, endelea", hata siku tuliyotuma kwa makosa orodha ya vifungo na zipu. Cheti tulipata.

Tukakaa karibu mwaka hatuandiki. Kisha bibi mmoja, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, akaleta baibui apunguziwe urefu. Sisi tunakata ramani za nguo kwenye karatasi za kaki, na mmoja wetu alikuwa na tabia ya kuandika nyuma ya ramani pindi umeme ukikatika. Mwalimu akaokota ramani ya mkono wa gauni, akaigeuza, akaisoma hadi mwisho akiwa amesimama. Akauliza nani kaandika. Akasema Jumamosi baada ya Alasiri anakaa na wanawake sita nyumbani kwake, Ng'ambo, na wawili wamehama, hivyo pana nafasi.

Safari hii tuliuliza. Tulimuuliza yote tuliyopaswa kuuliza mara ya kwanza. Nani wengine wamo chumbani? Lugha gani? Tukisoma kitu, karatasi inabaki wapi? Nani anarekodi? Nikisema sitaki kusoma leo, itakuwaje? Umepata kutoa kitabu, na tunaweza kukiona? Kila mtu anasomewa kazi yake mara ngapi, maana kuna madarasa mwalimu anaongea wiki nane na wewe unarudi na daftari tupu. Na ada ni kiasi gani, na mtu akiumwa inakuwaje. Hakuchukia hata kidogo. Alisema wanaochukia kuulizwa ndio wa kuogopa, akatuomba tuje tukae siku moja bure tutazame.

Kwake simu zinawekwa kwenye pakacha mlangoni, na ya kwake mwenyewe ndiyo ya kwanza kuingia. Karatasi zote zinarudi na wenyewe. Mtu akisoma, hajitetei, ananyamaza kwanza na wenzake wanasema walichokiona na kukisikia, halafu wanasema walipopotea. Ananyamaza hata kama wamekosea kabisa, na hiyo ni adhabu kwa sisi wenye maneno. Alituambia mtindo wa kunyamaza haukuzaliwa Ng'ambo. Umeenea sana kwenye vyuo vya Marekani, na darasa la waandishi la Iowa lililoanza mwaka 1936 ndilo lililoupa jina. Yeye ameutia sukari kidogo, na mandazi.

Mjomba wetu aliposikia tunakwenda tena alisema wanawake na kuandika wapi na wapi, hasa baada ya yaliyotokea. Tulirudisha maneno hayo darasani. Mwalimu hakukasirika, alihesabu kwa vidole. Bi Shifaa bint Abdillah, sahaba, ndiye aliyemfundisha kuandika Bi Hafsa, mke wa Mtume (s.a.w.). Mwana Kupona wa Pate, mwaka 1858, mgonjwa, alimtungia bintiye utendi mzima ili asije akaingia kwenye maisha ya ndoa bila usia. Na Bi Salme, binti wa Seyyid Said, mzaliwa wa Mtoni, alijifunza kuandika kwa kujificha, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Bi Salme baadaye aliondoka Unguja mwaka 1866, akabadili dini na jina, na hilo linatuuma. Lakini kitabu chake cha mwaka 1886 kimetuhifadhia mambo ya ndani ya nyumba za hapa ambayo mwanamme asingeweza kuyaona. Mjomba tulimpelekea majina hayo matatu. Kasema atafuatilia. Bado anafuatilia.

Wiki ya tatu mmoja wetu alinyanyua mkono akauliza lililokuwa limetukaa kooni. Kama kusitiri ni wajibu, na sote tunaijua hadithi ya mwenye kumsitiri Muislamu mwenzake, basi sisi tuandike nini? Maua tu? Bahari? Mwanamke aliyedhulumiwa anyamaze ili watu wasome mambo matamu?

Mwalimu alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema Suratul Mujaadalah inaanza na mwanamke aliyekwenda kumlalamikia mumewe, na Mwenyezi Mungu akasikia. Kwa hiyo hakuna wa kumwambia mwanamke anyamaze. Lakini, akasema, yule bibi alijua anapeleka malalamiko wapi na anataka nini. "Wewe usiku ule ulipeleka kwa nani? Wale wangekufanyia nini?" Mmoja wetu akasema walipiga makofi. "Basi ulipata makofi. Ulikuwa unataka makofi?" Ilikuwa kali, mashoga. Mmoja wetu alitaka kuondoka. Wenzake wakamsogezea kikombe cha chai, akabaki.

Na hapo ndipo alipopewa kazi ambayo kwetu sisi imelipa ada yote. Andika usiku uliorudi nyumbani, akaambiwa, lakini mume asiwemo. Si jina, si sauti, si kosa lake. Kuanzia gari iliposimama hadi mlango ulipofungwa, basi.

Tulidhani ni kumtetea mwanamme. Mmoja wetu aliandika kwa hasira, na mara ya kwanza likatoka tupu. Mara ya pili likatoka hivi, na tumepatana kulitia humu kwa sababu halina siri ya mtu. Saa nne usiku, umeme umekatika mtaa mzima. Teksi imesimama mbali kwa sababu kichochoro ni chembamba. Amebeba cherehani ya mkono, amefunga kanga kwenye mpini usimkate, na anasimama kila baada ya nyumba mbili kuiweka chini. Nguo zote amezivaa, gauni juu ya gauni, ili asibebe begi. Mama anafungua mlango na tochi ya simu. Anamulika cherehani. Anamulika zile nguo tatu zilizoongozana shingoni. Hamuliki uso. Anasema, "Umekula?"

Aliposoma, akanyamaza kama ilivyo kanuni, na chumba kizima kikanyamaza naye. Kisha mwenzetu mmoja, mtu mzima kuliko sisi, ana wajukuu, akasema kwa sauti ndogo: "Mama yenu ndiye somo yangu. Na mimi aliniuliza hivyo hivyo."

Akatueleza. Siku anaingizwa chumbani kwa mama, yeye mwari wa miaka kumi na tisa, anatetemeka, ameambiwa na mashoga mambo ya kutisha. Mama akatoa watu wote nje, hata mama mzazi wa bi harusi, akafunga mlango, na badala ya kuanza mafunzo akauliza kama amekula. Hakuwa amekula tangu jana. Ikaagizwa chai ya maziwa na boflo. Alikula mama anamtazama, na singo haikuguswa mpaka kikombe kilipoisha.

Na sisi tuliokuwa watoto wa nyumba hiyo tukakumbuka. Ni sisi tuliokuwa tunatumwa hiyo boflo! Tulikuwa tunanung'unika, maana duka lilikuwa mbali na mara nyingi jua kali. Miaka yote ile tulibeba mkate hadi mlangoni tukarudi kucheza, tusijue kwamba lile lilikuwa ndiyo somo la kwanza. Tulipoandika "mama alikuwa mpole" tulikuwa tumelipita.

Tangu hapo daftari la mama limeanza kujaa. Hatuandiki yanayosemwa ndani. Hayo ni amana, na yeye mwenyewe angetushukia. Tunaandika mpaka mlangoni: jinsi alivyoponda liwa, alivyochagua asumini ambazo hazijafunguka, alivyomkatalia kazi mama mmoja aliyetaka bintiye afunzwe kuvumilia kupigwa. Hilo la mwisho tumelipata kwa shangazi. Sisi wenyewe hatukubaliani juu yake. Mkubwa anamkumbuka mkali, mwenye fimbo ya mpera. Mdogo anamkumbuka akimchana nywele na kumwimbia. Tuligombana darasani mbele ya watu, tukaambiwa tuandike wote wawili na tusipatanishe.

Sasa wewe bi harusi wetu mwenye simu iliyojaa maandishi. Kambi si haramu, na hotelini si pabaya. Ziko za wanawake watupu, na Uganda wapo FEMRITE, chama cha wanawake waandishi ambacho tangu miaka ya 1990 kinawakutanisha wanawake kusomeana kazi zao. Mwenzetu wa darasani anamalizia riwaya ili aipeleke Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na yeye alianzia kambini. Ila uliza. Soma ile fomu ya mlangoni, usione haya kuichukua ukampe mtu akutafsirie. Ukiambiwa hapa kila mtu lazima asome jeraha lake, sema nimekuja na la mwaka juzi, au usiseme kitu, toka ukaswali. Na kama unaolewa mwezi ujao, zungumza na mwenzio kabla hujalipa, si kwa kuomba ruhusa ya kushika kalamu, bali mjue mapema lipi ni lenu wawili na lipi ni lako kuandika. Sisi hatukuyazungumza hayo na mtu, tukayazungumza na kisiwa kizima.

Kama pesa ni ndogo, anza na wenzako watatu sebuleni na pakacha la simu. Pakacha ni muhimu kuliko mwalimu.

Yule mama wa bwana, tumemwona mwezi huu kwenye maulidi. Mmoja wetu alimbusu mkono. Akatuuliza kama bado tunaandika. Tukasema ndiyo. Akasema, "Mama yenu mumwandike vizuri," kisha akatukumbusha kwamba na yeye kuna siku alikula boflo kwenye chumba kile, na akacheka, kidogo tu. Inabidi twende kumuuliza habari zake. Hatujapata ujasiri.

Jumamosi zamu ya kusoma ni yetu na ukurasa una mashimo, na gauni la Ijumaa halijatiwa vifungo hata kimoja. Tunakimbia.